Homa, Mafua na Neno Kuuguza

Mkaazi wa Nairobi akisema "nina homa", aghalabu ana maana kwamba pua inamtiririka, koo linamwasha na chafya hazimpi nafasi ya kumaliza sentensi. Mkaazi wa Morogoro akiyatamka maneno hayo hayo, jirani yake atamwekea kiganja kwenye paji la uso, kisha atamuuliza kama amekwenda kupima malaria. Wote wawili wanasema Kiswahili, na hakuna aliyekosea. Neno homa lilitujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya joto kali la mwili. Upande wa Tanzania maana hiyo imebaki palepale. Upande wa Kenya, hasa bara, neno limeshuka hatua kwa hatua hadi kukaa puani. Kile ambacho Mkenya anakiita homa, Mtanzania anakiita mafua.

Tofauti hii si ya kuchekesha tu. Jina la ugonjwa ndilo linalotuma mtu dukani, na ndilo linalomwambia muuza dawa atoe nini kwenye kabati. Pale ambapo homa maana yake ni joto la mwili, na ambapo kila joto hushukiwa kuwa malaria, mtu mwenye homa ya mafua hununua dawa ya malaria, akameza, na siku ya tano akapata nafuu ambayo angeipata hata bila ya dawa hiyo. Naye huapa kwamba dawa ndiyo iliyomponya.

Tuliangalie na neno mafua lenyewe. Limewekwa jirani na kifua, na kwa sikio langu maneno haya mawili ni ya shina moja: kifua, vifua, mafua. Tukilikubali hilo, basi wahenga waliolitumia neno hili hawakuwa wakifikiria pua. Walikuwa wakifikiria kifua: kukohoa, kubanwa, pumzi kukata. Pua ilikuwa na neno lake, kamasi, na msemaji wa kizamani wa Unguja angesema kwamba "hawezi kamasi", kwa maana ya kuugua. (Kutoweza, kwa Kiswahili cha kale, ni kuumwa, lugha nyingine zinatamani kuwa na kitenzi kifupi namna hiyo.) Kifua kikiuma kwa kuchoma kulikuwa na kichomi, jina ambalo hata leo vijijini hutumika kwa nimonia. Kikohozi cha mirija ya pumzi kilikuwa na mkamba. Na kile kitu kizito kinachotoka kwa kukohoa kiliitwa balghamu, neno lililosafiri kutoka Kiyunani kwenda Kiarabu na kutoka huko kuja kwetu, likiwa limebeba elimu nzima ya tiba ya Galen na Ibn Sina: kwamba mwili una vimiminika vinne, damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na ugonjwa ni kimoja kuzidi vingine. Safura pia ni neno la ukoo huo.

Hivyo hatukuwa maskini wa msamiati. Tulikuwa na maneno ya kupanga ugonjwa wa hewa kutoka puani hadi mbavuni. Kilichotokea ni kwamba tumeyaacha mengine yakachakaa, tukabaki na mafua, na kwenye mafua tukaongeza kile kineno kifupi cha hatari: "tu". Ni mafua tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba homa ya mafua ya msimu, ile ya kawaida ambayo haifiki kwenye vichwa vya habari, huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka kwa matatizo ya upumuaji. Hao wote, kwa lugha yetu ya kila siku, wamekufa kwa mafua tu.

Hapa ndipo historia inaponivutia. Lugha za Afrika Mashariki zina sifa ya kuyapa majina magonjwa ambayo dunia nzima huyatumia. Unguja ilipata mlipuko wa homa ya kuvunja viungo mwaka 1823 na tena mwaka 1870, na wenyeji wakauita kidingapopo, au kidinga pepo kama alivyouandika daktari James Christie, aliyekuwa akitibu Unguja wakati wa mlipuko wa pili. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba neno dengue, linalotumika leo hadi Brazil na Singapore, limetokana na hilo letu. Mwaka 1952 homa nyingine ya viungo iliwalaza watu wa Newala, na Wamakonde wakaieleza kwa namna inavyomkunja mtu akashindwa kusimama wima. Dunia ikalichukua neno lao, chikungunya, bila kulibadili. Miaka saba baadaye Waacholi wa Uganda wakatoa o'nyong'nyong. (Tena wataalamu wengi wanadhani kidingapopo cha zamani cha Unguja kilikuwa chikungunya kwa jina lingine, lakini huo ni ubishi wa maabara.)

Sasa ajabu ni hii. Ugonjwa mkubwa kuliko yote uliopita katika ardhi hii kwa muda mfupi katika karne ya 20, yaani homa ya mafua ya mwaka 1918, haukupata jina kama hayo. Jirani zetu wa kusini walilikamata neno la Kizungu wakalifuga: Wachewa wanasema fuluwenza, Washona furuwenza. Kamusi zetu zinaurudisha chini ya mafua, kana kwamba ni mtoto wa nyumba ileile.

Neno influenza lenyewe ni la Kiitaliano, na maana yake ni athari. Watu wa Italia walidhani ugonjwa huu unaletwa na athari za nyota. Mtu wa pwani yetu aliyezoea kwenda kwa mwenye elimu ya falaki akaangaliwe nyota yake asingeona ajabu hata kidogo. Ama jina la "homa ya Kihispania", hilo ni dhuluma ya magazeti. Nchi zilizokuwa vitani mwaka 1918 zilizuia habari za ugonjwa ili zisivunje mioyo ya askari; Hispania haikuwamo vitani, magazeti yake yakaandika waziwazi, hasa mfalme wao Alfonso wa 13 alipougua, na kwa kusema kweli ikalipwa kwa kubandikwa jina la ugonjwa.

Kwetu homa hiyo iliingia kwa bandari ya Mombasa, Septemba 1918, kwa meli zilizotoka India. Hebu litafakari hilo kidogo. Njia ya bahari kati ya Bombay na Mombasa ndiyo njia iliyotuletea sehemu kubwa ya kabati letu la dawa za mafua: pilipili manga, iliki, mdalasini, na kwa maoni ya wengi hata mwarobaini, mti wa asili ya Bara Hindi tulioupa jina la Kiswahili kwa kuamini kwamba unatibu maradhi arobaini. Tiba na maradhi vilipanda chombo kimoja kwa nyakati tofauti. Kutoka Mombasa homa ilipanda gari moshi kuelekea bara, kwa reli iliyokuwa imefika Kisumu tangu mwaka 1901, na upande wa kusini ikawakuta watu waliokwisha kuvunjwa na vita.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia huku kwetu vilipiganwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Upande wa Waingereza na washirika wao peke yake wanakadiriwa kuchukuliwa watu wapatao milioni moja, na waliokufa, kwa hesabu zilizoandikwa, walizidi 90,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara, njaa na nimonia. Jina la kikosi chao limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, na wanunuzi wa nyanya wanalitamka kila siku bila kujua wanamtaja nani. Jeshi la Kijerumani chini ya von Lettow-Vorbeck lilisalimu amri Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Askari na wapagazi wake Waafrika, waliokuwa wametembea miaka minne kutoka Tanga hadi Msumbiji na kurudi, walipelekwa Tabora kungoja kurudishwa makwao. Huko kambini ndiko homa ilikowakuta, nao wakafa wengi, vita vikiwa vimekwisha.

Na Ugogoni wakati huohuo kulikuwa na njaa. Chakula na ng'ombe vilikuwa vimechukuliwa na majeshi, vijana wamebebeshwa mizigo, mvua nazo zikakataa. Wagogo waliipa njaa hiyo jina, Mtunya, na jina hilo lingali likitajwa. Nadhani hapa tumekaribia jibu la swali langu. Njaa ilipata jina kwa sababu ilikaa muda mrefu na ilionekana. Kidingapopo na chikungunya zilipata majina kwa sababu humkunja mtu mbele ya macho ya watu. Homa ya mwaka 1918 ilikuja na uso wa kawaida: kikohozi, kichwa, baridi. Ilipita kwa majuma machache katika kila mahali, ikajifunika ndani ya njaa na vita, na waliosalia walipohesabu misiba yao waliiweka homa katika fungu la njaa. Kwa jumla ya dunia wanakadiriwa kufa watu milioni 50 au zaidi, na wengi walikuwa vijana wa miaka 20 hadi 40, watu wa kulima na kulea, ambao mafua kwa kawaida huwapita.

Waganga wa wakati ule, wa shuka nyeupe na wa mkoba, walikuwa sawa katika jambo moja: hakuna aliyekuwa na dawa. Kirusi cha homa ya mafua ya binadamu kilitambuliwa London mwaka 1933. Penisilini, ambayo ingeweza kusaidia dhidi ya nimonia iliyofuata homa na ambayo ndiyo iliyoua wengi, iligunduliwa mwaka 1928 na ikaanza kutumika kwa wagonjwa miaka ya arobaini. Mwaka 1918 madaktari waligawa kwinini, kwa kuwa homa ni homa, na wakagawa aspirini. Kule Ulaya na Marekani baadhi ya maelekezo ya aspirini yalifika gramu 8 hadi 31 kwa siku, ilhali leo mtu mzima huonywa asizidi gramu 4 hivi. Wako watafiti wa siku hizi wanaosema kwamba sehemu ya vifo ilitokana na dawa hiyo, si homa. Nawaambia haya wale wanaodhani kwamba kuzidisha kipimo ni tabia ya bibi wa kijijini peke yake.

Basi waliopona walipona kwa nini? Mwili ulipigana, na mtu wa pembeni akasaidia: akachota maji, akakoroga uji, akamfunika mgonjwa akitetemeka na kumfunua akitoka jasho. Ukatili wa homa ile ulikuwa kuwalaza watu wa nyumba nzima siku moja, asibaki wa kwenda kisimani. Mahali pengi mtu alikufa kwa kiu akiwa na mtungi mtupu hatua kumi kutoka kitandani.

Hapo naomba tusimame kwenye kitenzi kimoja. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kauli ya kutendesha kwa mifano ya lala na laza, pika na pikisha: mtu anasababisha tendo. Kwa kanuni hiyo, kuuguza kungekuwa kumfanya mtu augue. Kila mwaka nilipofundisha unyambulishaji kidato cha tatu, alitokea mwanafunzi aliyeuliza swali hilo, na kila mwaka lilinifurahisha. Maana kuuguza si kumwambukiza mtu. Ni kukaa naye katika kuugua kwake. Ndugu yake wa karibu ni kuzalisha: mkunga hasababishi uzazi, anamsaidia mzazi auvuke. Kauli ya kutendesha ina uso wa pili, uso wa kusaidia tendo ambalo haliwezi kuzuiwa. Kuponya ni neno jingine, na kuganga ni jingine, lile la methali ya ndwele zilizopita na zijazo. Mwaka 1918 hapakuwa na wa kuponya, na waliojaribu kuganga walibahatisha. Palikuwa na wa kuuguza.

Naligundua uzito wa neno hili mwishoni mwa miaka ya themanini, katika shule ya bweni ya nyanda za juu, homa ilipolaza nusu ya bweni la wasichana ndani ya siku nne. Zahanati ilikuwa mbali na ilikuwa na vidonge vya kupunguza maumivu tu. Wasichana walitoka kila pembe ya nchi, na kila mmoja alikuja na dawa ya kwao mdomoni. Wa Pemba alidai karafuu zichemshwe. Wa Tanga alitaka mchaichai na ndimu. Wa Iringa alikwenda kuvunja matawi ya mkaratusi nyuma ya jiko, mti uliotoka Australia ukapata jina letu kama mzaliwa. Mwingine alisema kivumbasi, mwingine majani ya mpera, na mmoja, binti wa Kisukuma mwenye sauti nene, alishikilia kwamba kitunguu kibichi kikikatwa na kuwekwa mvunguni hunyonya ugonjwa. Walibishana kama wajumbe wa baraza. Mpishi wetu, mama mtu mzima, aliwasikiliza wote akasema, "Wanangu, chemsheni mnachotaka, lakini kila atakayechemsha atamnywesha mwenzie mpaka amalize, na atarudi usiku kumtazama." Tangawizi, asali, ndimu, uji wa ulezi, vyote vilipita vitandani kwa zamu. Baada ya juma bweni lilikuwa limesimama, isipokuwa vikohozi vilivyoendelea kidogo.

Kuhusu nguvu ya dawa zenyewe nitasema machache. Asali hupunguza kikohozi cha mtoto, na utafiti unalikubali hilo kwa kiasi, ila asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwani inaweza kumletea sumu mbaya ya bakteria. Chai ya tangawizi humrudishia mgonjwa maji na joto, na hiyo si kazi ndogo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoua kirusi. Kile kitunguu cha mvunguni, nampenda binti yule, lakini hapana.

Lakini mvuke unastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndio uliotuletea neno jipya mjini. Watu wa pwani walikuwa na mafusho: majani yanachemshwa chunguni, mgonjwa anajifunika shuka, anavuta mvuke mpaka atoke jasho. Neno linakaa karibu na kufuka na kufukiza, na kitenzi chake cha kujitendea ni kujifukiza. Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia Tanzania, neno nyungu, ambalo katika lugha nyingi za bara ni chungu chenyewe, lilipanda ghafla kutoka jikoni hadi redioni. Watu wakaanza "kupiga nyungu", na chombo kikawa jina la tiba, kama vile tunavyosema mtu amepiga glasi mbili tukimaanisha kilichomo. Mimi sina ugomvi na nyungu; ni sitiari nzuri iliyozaliwa mbele ya macho yetu. Ninachosikitikia ni kwamba vijana wa Dar es Salaam hawalijui tena mafusho. Mvuke wenyewe hulegeza pua iliyoziba kwa muda. Haujathibitika kutibu zaidi ya hapo, na chungu cha maji ya moto chini ya shuka kimewababua watoto wengi. Mtoto asifunikwe nacho. Na yeyote, mkubwa au mdogo, anayepumua kwa shida, anayechanganyikiwa au mwenye kichomi kifuani, mahali pake ni hospitali, kukiwa na nyungu au bila nyungu.

Kwa malenga mnaopenda vina, mafusho lina faida nyingine: linakubaliana na jasho, na hivyo viwili havitengani katika maradhi haya. Nimejaribu ubeti mmoja:

Homa imo maungoni, yanitiririka jasho,
Tangawizi mkononi, chungu chatoa mafusho,
Aliyepo kitandani, hatibiwi kwa vitisho,
Muuguzi yu pembeni, tangu mwanzo hadi mwisho.

Kina cha -sho bado kina akiba. Sijaligusa neno posho, ule unga aliopimiwa mpagazi kila siku njiani. Nimemwachia atakayetaka kuwatungia wale waliolala Tabora.